Chupa Nilizozisomea

Mwenyezi Mungu amenirudishia mguu wa kutembelea, na kwa hilo nitamshukuru mpaka nitakapofukiwa. Lakini sitaandika kwa sauti ya shukrani peke yake. Mengi niliyoyapitia yananichefua hadi leo, na nadhani mgonjwa mwenzangu atafaidika zaidi na kinyaa changu kuliko na shukrani yangu. Namwandikia mtu aliyeambiwa ana ugonjwa wenye jina la kigeni, amechoka kungojea vidonge vifanye kazi, kisha mtu wa dini akamwekea chupa mkononi. Mtu huyo wa dini nilikuwa mimi. Wanawake tisa walipokea chupa kwa neno langu, na nilichokiogopa kuliko ugonjwa wenyewe ni kwamba mmoja wao angekufa kabla sijamwambia kilichokuwamo.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na Dubai nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Nyumba yangu iko Al Baraha, ghorofa ya pili. Wanawake wanaosema Kiswahili mitaa ile huniita Bi Mwalimu, kwa sababu kila Alhamisi baada ya Alasiri huja kwangu kusoma Kurani na kunywa kahawa. Wako wa Mombasa, wa Malindi, wa Lamu, wa Tanga, na wawili watatu wa kwetu.

Mambo yalianzia mbali. Mwanangu Nassor anaishi nchi moja ya kaskazini ya Ulaya, na kiangazi kimoja, wakati Deira yote ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya treni, nilikwenda kumtembelea ili nikimbie joto na vumbi. Tulikwenda msituni kuchuma matunda. Siku ya pili yake, nikitawadha, kidole changu kiligusa kitu nyuma ya goti la kushoto. Nilidhani ni chunjua. Nikakivuta, ngozi nayo ikavutika. Mke wa Nassor akaja akainama kutazama, akasema, "Mama, usiangalie."

Nikaangalia. Alikuwa kupe, amevimba mpaka ngozi yake imekuwa ya kijivu na kung'aa, mkubwa kama punje ya kunde, na vijiguu vyake vilikuwa vikichezacheza. Utotoni nilizoea kuwaona kwenye masikio ya mbuzi. Sikujua kwamba mimi nami ni malisho. Mkwe wangu alimng'oa kwa kucha, akambinya kwenye sinki, na damu iliyotoka ikawa nyeusi na nzito. Ilikuwa damu yangu. Nilitapika papo hapo, na nilipokwisha kutapika nikaoga mara mbili.

Baada ya wiki moja hivi palitokea duara jekundu pale pale. Nikasema ni choa. Nikapaka kitunguu saumu na ndimu, kikaniunguza, duara likazidi kupanuka, kisha likafifia lenyewe. Nikarudi Dubai nikijiona nimejitibu.

Ramadhani iliingia na homa. Nilikuwa nikiamka alfajiri nguo zimelowa jasho lenye harufu ya chuma, mpaka godoro nikaligeuza. Halafu siku moja tulikwenda kufuturu kwa binti yangu Rahma, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamehamia Silicon Oasis, kwenye majengo mapya yaliyozungukwa na mchanga mtupu. Nikanywa uji, nikaona kifua kimelowa. Nilidhani nimetetemeka mkono. Nikanywa tena, ukatoka tena upande wa kushoto wa mdomo. Mjukuu wangu Salha, ambaye hata skuli alikuwa hajaanza, akaniangalia kwa makini.

"Bibi, mdomo wako unavuja."

Hakuna aliyecheka. Rahma alichukua kitambaa akanipangusa kidevu kama ninavyowapangusa watoto, na katika macho yake nikaona kitu ambacho mama hapendi kukiona kwa mwanawe. Alikuwa anajizuia asigeuze uso. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikila nimegeukia ukuta, maana chakula kilikuwa kikijikusanya kwenye shavu lililokufa na nikilazimika kukitoa kwa kidole.

Rafiki yangu Bi Tatu peke yake ndiye aliyekuja akakaa mbele yangu uso kwa uso. Bi Tatu ni mtu wa Mombasa, anauza kanga na mafuta mazuri, na ana ugonjwa wa sukari.

"Shetani gani huyo akuvutiye mdomo upande mmoja?" akasema. "Mwambie avute na huu wa pili, tukupate sawasawa."

Nilicheka mate yakanitoka. Akayapangusa kwa ushungi wake bila kunyamaza.

Zahanati ya kwanza ilikuwa na baridi ya mashine kali mno hata wagonjwa walijifunika magazeti magotini. Televisheni iliwashwa bila sauti. Kila ilipoitwa namba, sote tulitazama karatasi zetu, ijapokuwa tulikuwa tumeshazikariri. Goti langu wakati huo lilikuwa limejaa maji, limekuwa mviringo na la moto, na kukunja sikuweza. Mfanyakazi mmoja wa ujenzi, mkono wake umefungwa kitambaa chenye damu, aliniona nimesimama, akainuka akanipisha kiti, akasimama yeye saa nzima. Sijui jina lake. Nimemwombea dua nyingi kuliko nilizowaombea baadhi ya jamaa zangu.

Daktari wa kwanza alisema ni umri. Wa pili alisema ni baridi yabisi. Wa tatu alisema uso utarudi wenyewe, na kweli ukarudi, karibu wote. Nassor ndiye aliyepiga simu siku moja akauliza, "Mama, yule kupe, mliwaambia madaktari habari za yule kupe?" Hatukuwaambia. Kupe gani Dubai? Rahma akanipeleka kwa daktari mwingine, mama wa Kihindi mwenye sauti ya chini, akasikiliza habari za msitu mpaka mwisho. Damu ikapelekwa nchi za nje, tukangoja hadi hali ya hewa ikapoa na watu wakaanza kukaa barazani. Jibu likarudi na jina, Laimu. Akasema kupe mmoja huweza kubeba wageni, yaani vijidudu vya maradhi, zaidi ya mmoja, na hao nao akawapima. Akaniandikia vidonge vya wiki nne, akaniambia goti litachukua miezi na nisikate tamaa.

Vidonge vile vilinigeuza tumbo. Sitaki kueleza zaidi ya kwamba nilishindwa kutoka nyumbani, na udhu haukukaa hata kwa sala moja. Siku ya kumi na mbili nikaviacha. Nilimwambia Rahma nimevimaliza. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika ugonjwa huu.

Nikaingia kwenye mitishamba, na niseme wazi kwamba sikuanza na matapeli. Nilianza na dawa za bibi zetu. Habasoda kwa asali. Shubiri. Tangawizi na kitunguu saumu kilichopondwa. Mvuje, ambao ukiufungua jikoni jirani hudhani bomba la choo limepasuka. Nilikuwa nikiuyeyusha kwenye maji ya moto, naziba pua, nameza, kisha nacheua siku nzima. Rahma alinichukua kwenda sokoni akashusha vioo vyote vinne.

"Mama, nakupenda, lakini gari zima linanuka wewe."

"Ni dawa, mwanangu."

"Basi mbona goti ni lile lile?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Goti lilikuwa lile lile. Nilikuwa nikisali kwenye kiti, na mtu ambaye hajawahi kunyimwa kuweka paji la uso chini hawezi kuelewa jinsi nilivyoona haya mbele ya Mola wangu.

Bi Tatu ndiye aliyesikia habari za mtu waliyemwita Tabibu. Alikuwa na chumba Deira, juu ya duka la viungo. Alipokea watu akiwa amekaa juu ya zulia, ndevu zimepakwa hina, kucha zake ndefu zenye ukoko wa njano chini yake. Hizo kucha nilizitazama sana, nikajilaumu kwa kumdhania mja wa Mungu vibaya. Bi Tatu alikuwa amekwisha kumsimulia habari zangu, kwa hiyo hakuniuliza mengi.

"Ugonjwa wa kupe," akasema. "Wadudu wamejificha kwenye viungo. Wao wana vidonge tu. Sisi tuna mizizi."

Akachota unga wa kahawia kwenye ndoo, akauchanganya na asali na siki, akautia kwenye chupa. Alipokuwa akinipa akaizuia kidogo.

"Bi Mwalimu, dawa hii haifanyi kazi bila maneno. Mimi ni mtu wa mizizi tu, wewe ni mtu wa Kitabu. Kaisomee mwenyewe."

Nilifurahi. Nilimwona mnyenyekevu. Nikarudi nyumbani, nikaielekea Kibla, nikaisomea chupa ile Fatiha mara saba, nikapuliza. Nilipoonja, chini ya asali na siki palikuwa na uchungu wa namna nyingine, mkavu, kama wa chaki. Ulimi wangu uliujua uchungu ule. Nikauambia unyamaze.

Siku ya tatu nilishuka ngazi bila kushika ukuta. Siku ya tano nilitandika mswala, nikainama, goti likakunjika, nikaweka paji la uso chini na kulia mpaka mswala ukalowa. Mwenye kunilaumu na anilaumu, lakini kwanza akae kwenye kiti miezi mitatu.

Alhamisi ile wanawake waliniona nimeinuka mwenyewe kuwapa kahawa. Wakataka kujua. Mmoja ana mgongo, mmoja ana pumu, mmoja viganja, Bi Tatu miguu inamwaka moto. Tabibu alituma chupa nyumbani kwangu, na kila chupa niliisomea, jina la mwenyewe nikalitaja, nikampa kwa mkono wangu. Tisa. Wakaniamini kwa kuwa walinisikia nikisoma.

Miezi miwili tulikuwa na furaha. Mwenye pumu akapanda ngazi. Mwenye viganja akasokota tambi. Nasi karibu sote tukaanza kujaa mashavu. Kwetu mtu akijaa mashavu haulizwi anaumwa nini, huambiwa amenawiri. "Bi Mwalimu umenawiri!" "Na wewe shoga, umerudi usichana!" Tulitazamana kila Alhamisi, nyuso mviringo, nyekundu, zinang'aa, tukamshukuru Mungu kwa sumu.

Mwili wangu ulijua kabla yangu. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba kama ya kitunguu. Nikiguswa tu, inabaki alama nyeusi. Ndevu zikanitoka kidevuni, nikawa nazing'oa kwa siri kabla ya darasa. Nikawa nakula kama mtu aliyetumwa kula: mkate, tende, wali wa jana uliokwisha kuganda, nasimama mbele ya jokofu na kijiko. Nyama ikajikusanya nyuma ya shingo kama nundu. Nikijitazama kwenye kioo bafuni nilimkumbuka yule kupe, ngozi imevutika inang'aa, nikazima taa.

Nilikwenda kwa yule daktari wa Kihindi kama nilivyopangiwa. Akaushika uso wangu, akaugeuza kwenye mwanga. Akauliza, "Unatumia dawa nyingine yoyote?"

"Hakuna."

Nataka mtu aelewe jinsi nilivyoweza kusema hivyo bila kusita. Kwangu dawa ni ile ya daktari. Kitu kilichosomewa ni tiba, ni baraka, hakiorodheshwi pamoja na vidonge. Na nilichelea asije akataka nikilete, kikapelekwa maabara, kikatiwa ndani ya machupa yao na kumwagwa kwenye mifereji na maneno yakiwa juu yake. Kwa hiyo nikayalinda maneno ya Mungu kwa kusema uongo. Hilo ndilo linalonichefua kuliko kupe, kuliko mvuje, kuliko ndevu.

Baridi ilipokuwa ikielekea kwisha, mvua mbili tatu zimekwisha kunyesha na barabara zimejaa maji ya tope, Bi Tatu alianza kunywa maji bila kukoma. Alikuja darasani na chupa kubwa, akaimaliza, akaomba nyingine. Alhamisi iliyofuata hakuja. Binti yake wa kufikia alinipigia simu kwamba ameanguka dukani na amepelekwa hospitali.

Nilimkuta kitandani kwenye kitengo cha dharura, dripu mkononi, midomo imekauka mpaka imepasuka, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza kwenye mfuko. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunijua. Nesi aliyekuwa naye alikuwa msichana wa Kenya, wa bara, jina lake Kerubo. Alipotusikia mimi na binti yule tunaongea Kiswahili akageuka.

"Poleni sana. Sukari yake imepanda hadi mashine haisomi. Amekuwa akimeza dawa zake za sukari?"

"Kila siku," nikasema. "Si mtu wa kusahau."

"Na kuna kitu kingine anakunywa? Ya kienyeji, ya duka, chochote?"

"Hakuna."

Nililisema tena. Chupa yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwa kitambaa safi, kwa sababu wakati wa kijiko cha jioni ulikuwa umekaribia.

Kerubo hakuondoka. Alimtazama Bi Tatu, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Mama, samahani, nyinyi ni ndugu?"

"Hapana. Yeye Mombasa, mimi Unguja."

"Sasa mbona mna sura moja?"

Nikaingia chumba cha kungojea, nikakaa. Mbele ya viti palikuwa na dirisha la kioo, nje kumeingia giza la mvua, na kioo kikanionesha uso wangu. Ulikuwa uso wa Bi Tatu. Ulikuwa wa mwenye pumu pia, na wa mwenye viganja. Nikaona wanawake wa darasa langu wamevaa uso mmoja, na mimi ndiye niliyewavisha. Sijui nilikaa muda gani. Labda dakika kumi. Katika dakika hizo nilijadiliana na nafsi yangu juu ya heshima ya maneno, na rafiki yangu alikuwa anakauka ng'ambo ya pazia. Naona aibu kwa kila dakika.

Nikainuka, nikafungua kitambaa.

"Mwanangu Kerubo. Hii. Anakunywa hii tangu miezi mitatu. Nami nakunywa."

Alifungua kifuniko, akanusa, akakunja uso. Akatia ncha ya kijiko ulimini, akaitema kwenye karatasi.

"Hiyo uchungu naijua. Sisi huwapatia watoto wa pumu, wanaitema kwa nguo zetu." Akashusha sauti. "Mama, nani amewapatia?"

"Mimi nimewapa."

Daktari akaja mbio. Mengi yakabadilika pale kitandani baada ya hapo, sindano nyingine, maswali mengine. Waliniambia humo ndani kuna steroidi, vidonge vya kutuliza uvimbe, vimesagwa na kutiwa rangi ya mizizi. Kwa mwenye sukari ni kama kumwagia moto mafuta ya taa. Kerubo akanishika mkono, akabonyeza alama nyeusi kwa kidole gumba.

"Na wewe usiache leo ghafla, umeskia? Mwili imeshazoea. Ukiacha tu hivyo unaweza kuanguka kama huyu. Daktari atakupunguzia pole pole. Na kama kuna wengine, waambie hivyo hivyo. Waje na chupa."

"Wapo wengine."

"Wangapi?"

Nikamwambia wanane. Alikuwa Mkristo, umri wa wanangu, na alinitazama kwa subira ambayo mimi ndiye niliyejisifu kuifundisha.

Asubuhi nilikwenda Deira. Nilipanda ngazi za duka la viungo kwa goti ambalo lilikuwa bado zuri kwa uongo wake. Tabibu hakuwa amenitarajia. Chini ya meza palikuwa na kikapu cha taka, na ndani ya kikapu, kati ya maganda ya machungwa na makohozi yaliyofungwa kwenye karatasi, zimejaa zile karatasi za fedha za vidonge, zote zimetobolewa. Mamia. Kando yake mashine ya kusagia kahawa ina vumbi jeupe mdomoni.

Hakujisumbua hata kukificha kikapu.

"Bi Mwalimu, hata hospitali wanatoa hizo hizo. Mimi nimeziongezea asali na bismillahi."

"Tatu yuko hospitali hajitambui."

"Mungu amponye. Lakini wewe si ulisujudu? Ulipoinuka mbona hukuja kuniuliza kuna nini humu?"

Nilimgeuzia mgongo, nikashuka. Nje, ukutani mwa duka, nikatapika asali. Mwenye duka akanipa maji na karafuu ya kutafuna, hakuuliza kitu, naye nimemwombea. Habari za Tabibu tulizipeleka panapohusika, mume wa Rahma aliandika barua. Tulipopelekwa kuonesha chumba, kilikuwa kimefagiliwa na mtu hayupo.

Bi Tatu alizinduka siku ya tatu. Nilikuwa nimekaa pembeni nikilia ndani ya ushungi. Aliponisikiliza mpaka mwisho, alifumba macho nikadhani amelala.

"Na mimi nawaringia wateja eti nimenona," akasema. "Kumbe ni wewe wanivimbisha kama chura."

"Nisamehe, shoga yangu."

"Usinililie hapa. Wenzangu wamekunywa, nawe wakaa kunipangusia machozi? Nenda ukawaambie. Kulia utarudi ulie kesho, mimi siendi popote."

Nikaenda. Siku mbili nilizunguka nyumba kwa nyumba, Rahma akinipeleka kwa gari kila alipotoka kazini, mpaka Rashidiya. Kila mlango nilisema maneno yale yale nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilijikataza kukaa kabla sijayamaliza. Mmoja alinifungia mlango. Mmoja alinikumbatia, na huyo ndiye aliyeniumiza zaidi. Mwenye pumu alikataa katakata kuamini. Ilibidi nimpeleke mwenyewe hospitali nikiwa nimemshika mkono, yeye akinong'ona njia nzima kwamba nimeingiliwa na wivu wa watu.

Mimi mwenyewe nilipunguziwa steroidi kwa miezi, robo kidonge kwa robo kidonge, na maumivu yakarudi yote, na mengine mapya. Kisha yule daktari wa Kihindi, ambaye nilimwomba radhi kwa "hakuna" yangu naye akanijibu kwa kunijazia maji glasi, akanianzishia upya matibabu ya ugonjwa wa kupe. Safari hii ilikuwa sindano ya mshipani kila siku kwa wiki nne. Wiki ya kwanza niliona ndiyo mbaya kuliko zote. Homa ilipanda nikatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Wiki ya tatu niliamka nguo kavu. Tende zilipoanza kugeuka rangi mitini, maji ya goti yalikuwa yamekauka. Leo linakunjika, si lote, na linaniambia mvua ikikaribia. Habasoda bado nala, na tangawizi nachemsha, lakini daktari anajua, nimemwandikia kwenye karatasi kila kilichomo jikoni mwangu. Yeyote atakayekupa unga asiweze kukutajia majina yake, mrudishie mkononi mwake, hata akiwa ni mimi.

Lakini wakati ule wa kuzunguka nyumba kwa nyumba hayo yalikuwa bado mbele. Ilikuwa Alhamisi, nimeshawaona wanane, na wa tisa ni Mwanaisha, binti wa Malindi anayeshona mabuibui. Yeye alikuja mwenyewe kwangu. Nikamwambia. Uso wake ulikuwa mwembamba kama siku zote, na hapo ndipo nilipoelewa kabla hajasema.

"Mimi sikuinywa, Bi Mwalimu. Nalimpelekea mama. Kila mwezi natuma na wasafiri."

Mamake ni mzee kuliko mimi. Nilimwomba namba. Mwanaisha akabonyeza, akanipa simu, akaketi chini akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hallo, ni nani mwenzangu?"

"Asalaam alaykum, mama. Mimi ni mwalimu wa Mwanaisha, wa Dubai."

"Ewe! Ndiwe uliyesoma!" Akaita watu wa nyumbani waje. "Mwanangu, Mola akupe uzima, akuzidishie. Nalikuwa wa kubebwa kama gunia mimi. Sasa napika, na juzi nimekwenda harusini kwa miguu yangu. Waniambia nimekuwa mwali."

"Uso umejaa, mama?"

"Umejaa, alhamdulillahi!"

Ningeweza kumwachia siku moja zaidi ya furaha. Nikamwambia akae kitako, awaambie watu wanyamaze, kisha nikamwambia yote. Nikataja vidonge, nikataja kikapu cha taka, nikataja Bi Tatu, na nikasema kwamba niliyeipitisha ile chupa ni mimi, na kisomo changu ndicho kilichowafanya wasiulize.

Nilisikia kuku upande wa pili.

"Kwa hivyo haya magoti ni ya urongo?"

"Magoti ni yako, mama. Dawa ndiyo ya uongo. Usiimwage, wala usiiache ghafla. Kesho asubuhi ichukue uende nayo hospitali, umwambie daktari umeinywa tangu lini."

"Na yatarudi kuuma?"

"Yatarudi."

Akavuta pumzi. Nilingoja anilaani; nilikuwa nimejiandaa, na ningeitikia amin.

"Na zile aya?" akauliza. "Ulizisoma kweli, ama nazo zalikuwa za yule mtu?"

"Nilizisoma kweli, mama. Fatiha mara saba, na jina la mwanao nikalitaja."

"Basi hizo niachie," akasema. "Hayo mengine nitayapeka hospitali."